Shajara ya mradi: kuusoma upya umeme wa gari-nyumba la mwaka 1989

Hali ya kuanzia

Gari ni la dizeli. Lina volti 12 upande wa injini, volti 12 nyingine upande wa kuishi, na volti 230 linapochomekwa umeme wa nje. Ukurasa wa kwanza wa daftari una malalamiko manne. Pampu ya maji huzubaa kila feni ya hita inapowaka. Betri ya nyumba huisha ndani ya wiki moja gari likiwa limeegeshwa tu. Friji haigandishi kitu safarini. Taa hutetemeka gari likiwa kwenye umeme wa nje.

Mchoro wa nyaya haupo. Kilichopo ni kazi ya kiwandani, na juu yake miaka zaidi ya 30 ya nyongeza: redio, kengele, kikuza mawimbi cha televisheni, soketi za ziada, na matita ya nyaya yaliyofungwa kwa tepu iliyogeuka gundi.

Betri mpya haitanunuliwa sasa. Betri mpya ikiingizwa kwenye mfumo unaouua betri, itakufa kwa sababu ile ile, na fundi atalaumu betri. Itakuwa kifaa cha mwisho kuingia.

Siku ya 1: ramani

Umeme wa nje unachomolewa kwanza. Kisha hasi ya betri zote mbili inafunguliwa kabla ya chanya. Spana ikigusa bodi wakati unafungua hasi, hakuna kinachotokea. Ikigusa bodi wakati unafungua chanya huku hasi ingali imefungwa, ni shoti ya mamia ya ampea mkononi.

Gari la namna hii huonekana kuwa na mfumo mmoja uliochanganyikana, kumbe ni mifumo mitatu inayokutana sehemu chache tu. Injini na nyumba hukutana kwenye rilei, swichi inayovutwa na umeme, inayounganisha betri mbili. Umeme wa nje na nyumba hukutana kwenye konveta, boksi linalogeuza volti 230 kuwa 12. Friji ni ya pekee, kwa kuwa inaguswa na zaidi ya mfumo mmoja: ina hita ya volti 12, hita ya volti 230 na kichomeo cha gesi. Sehemu hizo tatu zilichorwa kwanza, kila moja ukurasa wake, na vingine vyote vikaning'inizwa hapo.

Kila waya ulipewa namba kwenye kipande cha tepu ya karatasi, ncha zote mbili. Jumla ni nyaya 47. Kati ya hizo, 9 zinaanza mahali panapojulikana na kuishia kusikojulikana.

Rangi zisiaminiwe. Kwenye magari yanayofuata utaratibu wa Ujerumani, waya wa kahawia ni hasi, yaani namba 31 katika namba za DIN, viwango vya Ujerumani. Kwenye umeme wa nje wa Ulaya, kahawia ndio waya wenye moto. Gari moja, rangi moja, maana mbili, na mara nyingine zimepita ndani ya bomba moja. Marekani kuna mtego wa aina yake: waya mweusi ndio wenye moto kwenye umeme wa volti 120 na mweupe ndio nyutro (waya wa kurudi), lakini mafundi wengi waliozoea magari madogo hudhani kila waya mweusi ni hasi. Namba za DIN zilizopigwa kwenye rilei na swichi zinategemeka zaidi kuliko rangi: 30 ni chanya ya kudumu, 15 ni chanya inayopatikana ufunguo ukiwashwa, 31 ni hasi, 85 na 86 ni koili, sumaku-umeme inayoivuta rilei, 87 ni mdomo unaofunga rilei ikivuta, 87a ni ule ulio wazi rilei ikivuta, na D+ ni ishara ya alteneta, jenereta ya injini, kwamba inachaji.

Nyaya zilifuatwa kwa multimita iliyounganishwa na waya wa kuazima wa mita 10, ili ncha moja iachwe kwenye boksi la fyuzi na nyingine ifike nyuma ya gari. Mlio wa mita unasema tu kwamba ncha hizi mbili ni za waya mmoja. Hausemi waya ni mzima. Uzi mmoja wa shaba uliobaki kati ya 30 unatosha kuilizisha mita, na hautoshi kuendesha pampu.

Muda uliotumika: siku nzima, bila kukaza hata skrubu moja.

Siku ya 2: betri iliyopo

Betri ya maji, ampea-saa 110. Baada ya kupumzika saa 12 bila mzigo ilisoma volti 12.31. Betri nzima ya aina hii iliyojaa husoma karibu 12.7, nusu ni kama 12.2, na ikifika 11.8 imeisha. Ilichajiwa saa 24 kwa chaja nzuri ya nje, ikapumzishwa tena, ikasoma 12.57.

Namba hiyo inakera. Si mbaya kiasi cha kuitupa betri, wala si nzuri kiasi cha kuiamini. Kwa hiyo vilifunguliwa vifuniko na kila chumba kikapimwa uzito wa asidi kwa haidromita. Vyumba vitano vilisoma 1.265. Chumba cha nne kilisoma 1.200. Hesabu ya haraka ni kwamba volti ya chumba kimoja ni uzito wa asidi ukiongezwa 0.84. Vyumba vitano vya 2.105 na kimoja cha 2.04 vinatoa 12.565, ndiyo ile 12.57 ya mita. Chumba kimoja kinavuta vingine chini.

Jaribio la uwezo: balbu tatu za breki za wati 21 ziliunganishwa kuwa mzigo wa takriban ampea 5.25, saa ikawekwa pembeni. Betri ilishuka hadi 10.5 baada ya saa 9 na nusu. Hiyo ni ampea-saa 50 hivi, chini ya nusu ya kilichoandikwa kwenye gamba. Jaribio hili huchosha betri, kwa hiyo lisirudiwe kwa kujifurahisha. Ile 50 iandikwe mahali. Itahitajika siku ya 8.

Siku ya 3: hasi

Siku hii ndiyo iliyolipa zaidi, na ingestahili kuwa ya kwanza kwa yeyote mwenye muda mchache.

Pampu iliwashwa pamoja na feni ya hita. Pampu inavuta ampea 6, feni 4. Kwenye betri: volti 12.4. Kwenye nguzo za pampu: 10.6. Volti 1.8 zimepotelea njiani, na swali ni wapi.

Watu wengi hapa hubadilisha pampu. Wengine hupima waya kwa kipimo cha omu, wakapata 0.1, wakasema waya ni mzima. Mita ya kawaida haiwezi kutofautisha 0.1 na 0.01 kwa uhakika, lakini kwa ampea 10 tofauti hiyo ni volti nzima dhidi ya sehemu ya kumi ya volti. Upotevu upimwe mzigo ukiwa unafanya kazi, kwa kuweka ncha za mita mwanzo na mwisho wa kipande kimoja cha njia. Mita itaonyesha volti zinazoliwa na kipande hicho peke yake.

Chanya, kutoka nguzo ya betri hadi nguzo ya pampu: 0.5. Hasi, kutoka pampu hadi nguzo ya betri: 1.3.

Upande wa chanya unaelezeka. Shaba ya milimita moja ya mraba ina ukinzani wa omu 0.0172 kwa kila mita. Waya uliopo ni wa milimita 1.5 za mraba, urefu mita 6, kwa hiyo omu 0.069, na kwa ampea 6 unakula volti 0.41. Kilichobaki ni kishikio cha fyuzi. Hakuna hitilafu hapo. Kiwanda kilibana matumizi ya shaba.

Upande wa hasi hauelezeki hivyo. Waya wa hasi wa pampu una mita 1.5 tu hadi kwenye bolti nyuma ya kabati la jikoni. Vipande vilipimwa kimoja kimoja: waya 0.1, kutoka kichwa cha waya hadi chuma cha chesisi kilichokwaruzwa 1.1, chesisi hadi betri 0.1. Bolti moja inakula volti 1.1. Hasi ya feni ya hita nayo imefungwa pale pale, kwa hiyo ampea 10 zinapita, na wati 11 zinaishia kuwa joto kwenye kutu. Ndiyo maana pampu ilizubaa feni ikiwaka: hazikugombania betri, ziligombania bolti.

Dalili ya pili ilijieleza hapo hapo, ingawa haikuwa kwenye orodha. Hita ya gesi ya aina hii ina kijibao kidogo kinachosukumwa na upepo wa feni. Kikisukumwa vya kutosha, hufunga swichi inayoruhusu gesi kuwashwa. Volti zikiwa chini, feni huzunguka kivivu, kijibao hakifiki, na hita hukataa kuwaka hata kama gesi ipo na mtungi umejaa. Hita nyingi za zamani zimebadilishiwa bodi ya elektroniki kwa kosa la bolti.

Matengenezo: bolti ilitolewa, rangi na kutu vikaondolewa kwa msasa hadi chuma king'ae, upana wa sarafu kubwa. Kichwa kipya cha waya kilichopakwa bati, washa yenye meno kati ya kichwa na chesisi, bolti mpya ya M8 na nati ya kujifunga. Rangi na grisi hupakwa juu baada ya kukaza. Kuna wanaopaka rangi kwanza halafu wanakaza, wakidhani wanazuia kutu, wanazuia umeme. Baada ya hapo bolti ilisoma 0.02.

Hata hivyo uamuzi ulikuwa kutoitegemea chesisi tena kama njia ya kurudi ya nyumba. Kipande cha shaba bapa chenye bolti 10 kimefungwa karibu na boksi la fyuzi, hasi zote za nyumba zinakuja pale, na kebo moja ya 16 inarudi kwenye betri. Chesisi imeunganishwa na kipande hicho mara moja tu. Bodi ya alumini isitumiwe kabisa kama njia ya umeme, kwa sababu shaba na alumini zikikutana kwenye unyevu huanza kulana.

Waya wa chanya wa pampu umebadilishwa kutoka 1.5 kwenda 4. Sasa pampu inapata zaidi ya 12 wakati feni inawaka.

Siku ya 4: konveta

Boksi la kiwandani lina transfoma nzito, diodi (zinazopitisha umeme upande mmoja tu) na rilei, basi. Betri ikiwa imefunguliwa lilitoa volti 13.4, na mita ikigeuzwa kwenye volti za mkondo geu ikasoma 1.9 juu yake. Huo ndio mtetemo wa taa. Umeme wa hezi 50 ukipita kwenye diodi bila kapasita ya maana, kifaa cha kulainisha mawimbi, hutoka ukiwa na mawimbi 100 kwa sekunde. Betri ikiunganishwa mtetemo hushuka hadi 0.15, kwa sababu betri huyameza mawimbi kama kapasita kubwa. Kwa balbu za zamani halikuwa tatizo. Uzi wa balbu haupoi haraka hivyo. Taa za LED za bei nafuu na redio za kisasa hufa hapo.

Tatizo kubwa zaidi ni 13.4 yenyewe. Betri ya asidi huhitaji kupandishwa hadi karibu 14.4, ikae hapo hadi mkondo upungue, kisha ishushwe kwenye 13.5 au zaidi kidogo kwa ajili ya kukaa. Konveta hii haifiki 14 kamwe. Betri hubaki nusu-shibe miezi na miezi, sahani zake hufunikwa na chumvi ya risasi inayokuwa ngumu, na uwezo hupungua. Ile 50 ya siku ya 2 ilitengenezwa hapa.

Rilei iliyomo ndani ni ya kuchagua: umeme wa nje ukiwepo, taa hulishwa na transfoma, usipokuwepo, rilei huachia na betri hulisha kupitia mdomo wa 87a. Mdomo huo ukiungua, gari hufanya kazi vizuri kwenye umeme wa nje na hufa likichomolewa, na mwenye gari hununua betri. Hapa mdomo ulikuwa unakula 0.4 kwa ampea 8. Haujafa, lakini uko njiani.

Boksi zima limetolewa. Badala yake imewekwa chaja ya hatua tatu ya ampea 20. Kipimo kinachofaa betri ya maji ni kati ya asilimia 10 na 20 ya ampea-saa zake. Chaja ya aina hii hukaa sambamba na betri, kwa hiyo rilei ya kuchagua haihitajiki: nyaya zake mbili nene zimeunganishwa moja kwa moja na fyuzi ya ampea 40 ikawekwa karibu na betri. Kabla ya kutupa transfoma, nyaya zake zilichunguzwa mara mbili, kwani waya mmoja ulikuwa unalisha taa ya mlangoni kwa njia ya mzunguko ambayo haikuwa kwenye ramani.

Siku ya 5 na 6: injini, rilei ya betri, friji

Injini ikinguruma na betri ya nyumba ikiwa imeshushwa kwa makusudi: betri ya injini 14.2, betri ya nyumba 13.1, mita ya kubana juu ya kebo ikasoma ampea 9. Volti 1.1 zimeenda. Waya wa 4 wenye mita 7 umekula 0.27, midomo ya rilei 0.31, kishikio cha fyuzi ya kioo karibu na injini 0.35, na hasi 0.17.

Magari mengine ya umri huu yana diodi mbili nene kwenye bati la kupozea badala ya rilei. Hizo hula volti 0.6 hadi 0.7 hata zikiwa mpya, na hakuna msasa utakaozisaidia.

Kebo mpya ni ya 16, rilei ya ampea 70 inayoweza kukaa imevuta masaa mengi, na fyuzi mbili za 60, moja kila upande, zisizozidi sentimita 20 kutoka kwenye betri. Hapa ndipo kazi nyingi za mtaani hukosea. Kebo hii ina betri kila ncha. Ikichubuka katikati na kugusa chesisi, fyuzi ya upande wa injini ikikata, betri ya nyumba itaendelea kulisha moto kutoka upande wa pili. Na rilei ya stata, ile ya silinda ndogo, isitumiwe kwa kazi hii: imetengenezwa kwa sekunde chache, koili yake huungua ikiachwa.

Koili ya rilei ya zamani ilikuwa inalishwa na 15. Ufunguo ukiwashwa rilei inavuta kabla injini haijawaka, kisha stata inaanza kunyonya betri ya nyumba kupitia waya wa 4. Hiyo inaeleza kwa nini fyuzi ya kioo ilikuwa imebadilishwa mara nyingi kiasi cha kishikio kulegea. Sasa koili inalishwa na D+, ambayo hupata volti pale tu alteneta inapozalisha. D+ ina nguvu ndogo, hivyo ipewe koili tu, si mzigo, na diodi iwekwe kukingama koili ili mshtuko wa kuachia usirudi kwenye alteneta.

Friji: hita yake ya volti 12 ni ya wati 130, karibu ampea 11. Ni ukinzani mtupu, kwa hiyo joto hufuata mraba wa volti. Volti 12 zikishuka hadi 10.2, yaani asilimia 15, wati zinashuka kutoka 130 hadi 94, zaidi ya robo. Friji ya kufyonza, inayopoza kwa joto la hita au gesi, haina motor ya kuhangaika. Hukaa kimya tu na kushindwa. Waya wake ulikuwa wa 2.5, mita 8 kwenda na 8 kurudi, ukila takriban 1.2. Waya wa 6 umeshusha upotevu hadi 0.55.

Friji ina rilei yake peke yake, nayo inaongozwa na D+, fyuzi ya 20. Haichangii rilei ya betri. Hita ya volti 12 ya friji nyingi za aina hii haina kidhibiti joto. Ikiachwa kwenye betri gari likiwa limesimama, itamaliza nusu ya ampea-saa 110 ndani ya saa tano.

Siku ya 7: volti 230

Asiyekuwa na mazoea ya kazi hii aite fundi umeme. Kosa la volti 12 huchoma waya; la volti 230 huua.

Njia inaanzia soketi ya nje ya bluu, inapita kikata-umeme cha uvujaji cha miliampea 30 kinachokata nyutro na moto kwa pamoja, kisha breka ya 10 kwa soketi na ya 6 kwa chaja na friji. Iliyokuwepo ilikuwa breka moja ya kukata upande mmoja tu. Plagi ya nje ikiwa imefungwa kinyume mahali fulani, breka hiyo ingekata nyutro na kuacha moto ndani ya vifaa vilivyodhaniwa vimezimwa.

Athi, waya wa usalama wa kwenda ardhini, ilipimwa kutoka pini ya soketi ya nje hadi chesisi: omu 4, na ikitikiswa haisomi kabisa. Skrubu ya kuunganisha ilikuwa imeingia kwenye mbao. Waya wenye moto ukigusa bodi bila athi, hakuna kinachokata. Bodi hukaa na volti 230 ikimsubiri mtu mwenye miguu kwenye nyasi mbichi. Sasa inasoma chini ya 0.2, kwa kebo ya 6 ya kijani na njano na bolti yake ya pekee.

Nyutro na athi hazijaunganishwa ndani ya gari, na zisiunganishwe. Muungano huo uko kwenye chanzo cha umeme. Ukiwepo pia garini, sehemu ya mkondo wa kawaida hurudi kupitia athi na kikata-umeme hukata bila sababu inayoonekana.

Upimaji wa insulation, yaani uzuiaji wa umeme usivuje, kwa volti 500, chaja ikiwa imechomolewa: soketi zote juu ya megaomu 100, hita ya friji 0.4. Kinachokubalika ni si chini ya megaomu 1. Hita za namna hii zimejazwa unga unaovuta unyevu zikikaa muda mrefu bila kuwashwa. Friji iliwashwa kwa gesi saa sita ili ikauke, ikapimwa tena: 18. Hitilafu inayojiponya hivi humsumbua mtu miaka, kwa sababu kikata-umeme hukata siku ya kwanza ya safari na kisha hutulia.

Waya mgumu wa nyumbani, wa uzi mmoja, ulikutwa kwenye soketi mbili. Mtikisiko huuvunja ndani ya ganda. Umetolewa, umewekwa wa nyuzi nyingi wenye vikofia vya bati kwenye ncha.

Siku ya 8: mnyonyaji

Kila kitu kimezimwa, mita kwenye ampea 10 imewekwa kati ya hasi ya betri ya nyumba na kebo yake. Baada ya dakika 15 za kutulia: miliampea 310. Mita ikiwa hivi usiwashe pampu na hita kwa pamoja, fyuzi ya ndani ya mita itakatika na utadhani umepona.

Fyuzi zilitolewa moja moja. Kengele ya gesi 80. Kumbukumbu ya redio 25. Kikuza mawimbi cha televisheni 55, swichi yake ikiwa ndani ya kabati ambalo halina televisheni tena. Zilizobaki 150 ziligoma hadi fyuzi ya mwisho, ile ya kioo iliyofichwa nyuma ya droo. Miliampea 150 ni dalili ya koili ya rilei. Ilikuwepo, chini ya dashibodi, imevuta mchana na usiku kwa ajili ya kengele ya wizi iliyokwisha kung'olewa.

Miliampea 310 kwa siku nzima ni ampea-saa 7.4. Gawanya zile 50 za siku ya 2: siku 6.7 hivi. Lalamiko la wiki moja limepata hesabu yake.

Kengele ya gesi imebaki imeunganishwa moja kwa moja, kabla ya swichi kuu mpya. Vingine vyote viko baada yake. Gari likizimwa kwa swichi linakula chini ya ampea-saa 2 kwa siku.

Siku ya 9: fyuzi na viungo

Fyuzi hulinda waya, si kifaa. Swali sahihi ni waya huu mwembamba kabisa njiani utavumilia kiasi gani. Waya wa 1.5 umewekewa 10 (nyekundu) au 15 (bluu) pale urefu ni mfupi, 2.5 una 20 (njano), 4 una 30 (kijani). Waya wa 1.5 wa taa za dari ulikutwa na 30. Mmoja mwingine ulikuwa na fyuzi ya kioo iliyozungushiwa karatasi ya sigara, ile yenye bati.

Fyuzi za kioo zote zimetoka. Vishikio vyake hushika kwa chemchemi ya shaba nyembamba ambayo hulegea, na kinachoungua mara nyingi ni kishikio, fyuzi ikiwa nzima.

Vibanio vya plastiki vya kudaka waya bila kuukata, 14, vimetupwa. Kisu chake hukata nusu ya nyuzi na kuacha mlango wa maji. Viungo vipya vimebanwa kwa koleo la meno na kufunikwa na mrija wa kusinyaa wenye gundi. Havikulehemiwa. Risasi hupanda ndani ya waya, sehemu hiyo inakuwa ngumu kama msumari, na mtikisiko huvunja pale ugumu unapoishia.

Balbu nane za dari za wati 10 zimekuwa LED za wati 1.5: kutoka ampea 6.7 hadi 1. Zimechaguliwa za volti 10 hadi 30, kwa kuwa chaja inapofika 14.4, taa iliyoandikwa 12 tu haiishi muda mrefu.

Siku ya 10: betri mpya na vipimo vya kufunga

Betri mpya ya 110 ndani ya boksi lililofungwa, bomba la kutolea hewa likitoka chini ya sakafu, maana betri ya maji ikichajiwa hutoa haidrojeni. Chanya imefungwa kwanza, hasi mwisho.

Injini ikinguruma: betri ya injini 14.2, ya nyumba 14.0, friji kwenye nguzo zake 13.2. Pampu na feni pamoja: pampu inapata 12.2 betri ikiwa 12.5. Kwenye umeme wa nje: 14.4, mtetemo 0.02, taa zimetulia. Kikata-umeme kimejaribiwa kwa kitufe chake na kwa kifaa cha kupimia; vyote viwili vimekata.

Kati ya nyaya 9 zisizojulikana, 7 zimepata wenyewe: kengele, televisheni, taa ya ngazi iliyoondolewa, soketi iliyofunikwa na karpeti. Nyaya zenye namba 31 na 44 za tepu zinaingia kwenye nguzo ya bodi upande wa kushoto na hazitoki. Hazina volti katika hali yoyote iliyojaribiwa. Zimekatwa, ncha zimefunikwa, namba zimeachwa.